Mgeni Akija, Mashine Inasimama

Vijana wa karakana, mliponiomba niandike machache ya kazi yetu kabla sijayasahau, swali langu la kwanza lilikuwa: hawa wanatafuta nini? Mnanijua. Hata ile keki ya kuniaga niliinua sahani nikatazama chini kabla ya kukata. Sasa nimekaa nyumbani Soweto, kwenye kiti ambacho mke wangu Thandi anasema kilinunuliwa nikikalie, si nikigeuze kuangalia skrubu zake, na ninaandika. Vyeo sitavitaja, maana hapakuwa na cheo cha kupanda. Karakana ya Doornfontein ilikuwa na mwenye funguo na mafundi wengine, na mwenye funguo alipofariki, funguo zilikuja kwangu.

Nilifika Johannesburg kwa kumfuata mke. Thandi alikulia Morogoro, wazazi wake wakiwa uhamishoni, na huko ndiko tulikooana. Nchi yao ilipofunguka walirudi, nami nikafungasha. Kwetu mke ndiye anayemfuata mume, kwa hiyo mama yangu alikaa muda mrefu akiniuliza kwenye simu kama nimeshaanza kuvaa sketi. Nilikuwa najua kutengeneza redio. Kiingereza changu kilikuwa cha shuleni, na Kizulu sikuwa nacho hata cha kuombea maji.

Aliyenipokea ni Ntate Mokoena, yaani Baba Mokoena, mzee wa Kisotho aliyeanza na televisheni zile nzito za mgongo mkubwa, akaingia kwenye kompyuta wakati wenzake wa rika lake wanapumzika. Siku ya kwanza aliniwekea mezani kompyuta isiyowaka, akaniambia nitafute ugonjwa, naye akaenda kuvuta sigara mlangoni. Nikaifungua. Nikatoa kila kinachotoka. Nilipomwita nilikuwa nimeshaandaa maelezo marefu kuhusu kifaa kilichoungua ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono nyuma ya meza na kubonyeza swichi ya ukutani.

"Eish, Shabani," alisema. "Umeanzia tumboni. Anzia ukutani, fuata waya, tumboni utafika tu kama kuna haja."

Niliudhika, nikamshuku kuwa ni mzee wa kudhalilisha watu. Baadaye nilijua kila fundi aliyepita pale alifanyiwa hivyo hivyo, na karibu wote walianzia tumboni. Ninyi pia niliwafanyia, na majina ninayo.

Ntate alikuwa na kanuni nyingine, kwamba usibadilishe kitu usichokishuku. Fundi anayegusa kila mahali hata akifanikiwa hajui alifanikiwa kwa nini, na wiki ijayo mteja akirudi ataanza upya. Ndiyo maana mezani kwangu hapakuwa na vitu vingi. Palikuwa na bisibisi ya Ntate aliyoniachia, mpini umefungwa utepe mweusi. Palikuwa na taa ya kuinamisha, na kebo yangu mwenyewe ya USB niliyoifunga uzi mwekundu ili mtu asiichukue. Kebo ya mteja usiiamini. Imekaa kwenye mkoba pamoja na funguo, imekanyagwa, imetafunwa na mtoto, na mteja atakuapia kwamba ni mpya.

Enzi za kompyuta za mezani kazi ilikuwa ya haki. Kitu kiliwaka au hakikuwaka. Laptopu zilipoenea ndipo niliposhuku hasa, kwa sababu laptopu ni bahili. Inaishi kwa betri, na inaogopa betri iishe, basi inapeleleza kila kilichochomekwa ubavuni mwake. Ikiona kifaa kimetulia kidogo, hakiombi wala hakipokei, inakikatia umeme kimyakimya ili kuokoa. Haikuulizi, na wala haikuandikii kwamba imefanya hivyo. Kifaa kingine kikiguswa kinaamka vizuri. Kingine, hasa cha zamani, hakiamki. Mwanafunzi wa chuo pale jirani aliwahi kuniletea diski yake ya nje iliyokuwa inapotea kila akitoka kuoga, na alikuwa ameshagombana na mwenzake wa chumbani kwamba anaichomoa. Nikaingia kwenye mipangilio ya umeme, nikaondoa tiki kwenye ile ruhusa ya kuzima vifaa vya USB, na urafiki wao ukapona. Angalau nadhani ulipona. Sikuwafuata.

Kesi ninayotaka kuiandika ni ya Mama Chantal.

Mama Chantal ni mshonaji kutoka Bukavu, mwenye duka la kushona karibu na Joubert Park, ghorofa ya kwanza, juu ya saluni. Alikuwa na mashine ya kudarizi ya mitumba, kubwa, ya sindano nyingi, ya kizazi ambacho kumbukumbu yake ni ndogo. Mchoro mkubwa haikuweza kuumeza wote kwa mara moja. Ilimeza kipande kutoka kwenye kompyuta kupitia kebo ya USB, ikakishona, ikaomba kipande kingine. Kwa miaka ililishwa na kompyuta ya mezani iliyokuwa na vumbi la kutosha kuoteshea mchicha. Kompyuta hiyo ilipokufa, Mama Chantal alinunua laptopu. Na wakati huohuo, kwa bahati mbaya ya mtu mmoja, alimkalisha kwenye mashine wifi yake Riziki.

Riziki alikuwa mjane wa kaka yake Mama Chantal. Alikuja kutoka Bukavu na binti yake baada ya mazishi. Walilala nyumbani kwa Mama Chantal, wakala kwake, na kazi ya Riziki ilikuwa ya dukani kwake. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwenye duka, jambo ambalo ndani ya ukoo si lazima likufae.

Siku Mama Chantal alipopanda ngazi za karakana yetu, alikuwa amebeba laptopu kwapani na mfuko wa nguo mkononi. Nguo hizo alizitandaza mezani kwangu moja moja. Zilikuwa kanzu za kwaya ya kanisa lake, rangi ya zambarau, na mgongoni kila moja ilitakiwa iwe na njiwa mkubwa mweupe. Njiwa walikuwapo. Mabawa yamenyooka, mkia umepangwa vizuri, kifua kimejaa. Vichwa havikuwapo. Kila njiwa alikuwa amekatikia shingoni.

"Papa Themba," aliniambia, kwa jina la mwanangu mkubwa, kama wanavyoitana wao, "angalia vizuri. Ile si kintu ya kawaida. Njiwa ya Roho Mtakatifu, anakatikaka shingo."

Nilimwambia mashine haijui Roho Mtakatifu ni nani, na kwamba shingoni ndipo kipande cha kwanza cha mchoro kinapoisha na cha pili kinaanza. Kwa hiyo mashine iliomba kipande cha pili na haikujibiwa. Aliniangalia kama mtu anayesikia habari za hali ya hewa za nchi nyingine.

"Laptopu mnaitumia kwa betri?" nilimuuliza.

"Hapana. Siku zote iko kwa ukuta. Miye mwenyewe nilisema isitoke."

Basi nikafungua mipangilio. Humo, kama mnavyojua, ruhusa ya kuzima USB ina mistari miwili, mmoja wa wakati laptopu iko kwenye umeme wa ukutani na mmoja wa wakati iko kwenye betri. Wa ukutani ulikuwa umefungwa, salama. Wa betri ulikuwa wazi, lakini betri nilishaambiwa haihusiki, na usichokishuku usikiguse. Nikaichomeka laptopu mezani kwangu, nikaiunganisha na printa kwa kebo yangu ya uzi mwekundu, nikaiachia siku nzima na kesho yake. Haikukosea hata mara moja. Laptopu hizi zina tabia ya wagonjwa wanaopona wakiona mlango wa hospitali.

Nikampelekea dukani mwenyewe. Riziki alikuwa kwenye mashine, mwanamke mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, mwenye kusema taratibu. Alisimama, akanisalimu kwa mikono miwili, akanivutia kiti, akaniambia nikae kwanza. Akapita nyuma ya pazia, kwenye kona wanakopimia wateja nguo, akarudi kwenye mashine, na baada ya kitambo akaniletea chai ya maziwa na maandazi. Nikanywa huku namtazama njiwa akishonwa. Mkia, mabawa, kifua. Shingoni mashine ikasimama, ikawasha taa nyekundu. Riziki akaizima na kuiwasha, fremu ikarudi mwanzo, na kanzu ikawa imeharibika.

Nikabadilisha kebo. Nikaja tena baada ya siku chache, nikapewa chai, ikasimama. Nikabadilisha tundu la USB. Nikaja tena, nikapewa chai na chapati, ikasimama.

Mama Chantal alinivutia kando, karibu na dirisha.

"Nimechunguza," alisema kwa sauti ya chini. "Miye nikikaa kwa machine, inashona muzuri. Riziki akikaa, bila mutu, inashona. Mugeni akikuya tu, inasimama. Juu ya nini? Juu ya kunipatisha haya mbele ya bageni. Anataka baseme duka ya Chantal imekwisha, yeye akamate."

Nilimuuliza kama wageni wakija yeye mwenyewe huwa kwenye mashine. Alisema hapana, mgeni akija yeye ndiye anayepima na kuzungumza, Riziki ndiye anayebaki na mashine. Hilo nililiweka akilini, lakini sikujua la kulifanyia.

"Na weye pia," aliongeza, akinikazia macho. "Weye ni mugeni. Ukikuya inasimama. Pengine mulisikilizana."

Nyumbani nilimsimulia Thandi, nikitarajia anihurumie. Thandi alikuwa anakata mboga. "Usimlaumu," alisema kwa Kiswahili chake cha Morogoro. "Kama ningekuwa na fundi ambaye kitu kinaharibika akiwepo tu, hata mimi ningekagua mifuko yake."

Nami sikulala kwenye kushuku. Nilimshuku Riziki, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Nilimshuku Mama Chantal, kwa kuwa mtu anayetaka kumfukuza ndugu hutafuta sababu, na sababu ikikosekana hutengenezwa. Niliishuku saluni ya chini na mashine zake za kukaushia nywele, nikashuka nikasimama mlangoni mwao mpaka msusi mmoja akaniuliza kama nataka kusuka. Niliushuku umeme wa lile jengo, ambao ungekuwa mtu ungekuwa jela. Kila nilichokishuku nilikipima, na kila nilichokipima kilikuwa kizima.

Kilichonisumbua zaidi ni kikombe. Huko kwao, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Ni adabu, na ni tahadhari, kwa sababu hofu ya kuwekewa sumu ni hofu ya kweli huko. Ziara yangu ya kwanza, Riziki alionja chai ya Mama Chantal, akampa, akanywa. Ziara zilizofuata Riziki alionja, akampa, na Mama Chantal akaiweka dirishani. Ilikaa pale mpaka ikaota ngozi juu. Riziki aliiona. Jioni aliimwaga mwenyewe na kuosha kikombe, na mgeni mwingine alipokuja akamwekea kingine. Mimi kwetu si Bukavu, lakini nilijua maana ya kikombe kile. Ugomvi wa duka lile ulikuwa umeshatoka kwenye habari za mashine.

Siku moja Riziki aliniambia, macho kwenye sindano: "Fundi, miye sikugusaka kitu. Lakini nikisema, wanasema nasema sana. Nikinyamaza, wanasema nanyamaza juu nilifanya."

Nikainama nikaikagua kebo tena.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, habari zilinifikia kwamba kutakuwa na kikao. Pasta Elie wa kanisa lao angekuja dukani Jumamosi alasiri, na mbele yake Mama Chantal angetangaza kwamba Riziki na binti yake waondoke dukani na nyumbani. Kwaya ilihitaji kanzu zake Jumapili ya wiki iliyofuata. Waende wapi, hakuna aliyesema. Riziki hakuwa na mtu mwingine mji huu. Nilifunga karakana mapema Jumamosi ile, nikaenda kabla ya wote. Nilijiambia kwamba nakwenda kumalizia kazi, lakini ukweli ni kwamba lile jambo lilikuwa limeniingia rohoni.

Riziki alinisalimu, akanivutia kiti, kisha akasita. "Umefunga, Papa Themba?"

"Nimefunga."

"Basi nisikupe kitu." Akarudi kukaa kwenye mashine.

Nikatazama. Mkia. Mabawa. Kifua. Shingo. Mashine ikanyamaza kidogo ikimeza kipande cha pili, halafu ikaendelea, na njiwa akapata kichwa na jicho. Riziki aliondoa mikono mezani kana kwamba meza imepata moto. Mama Chantal alikuja akaigusa kanzu, akasema leo nimekuja na baraka.

Mimi sikufurahi hata kidogo. Ugonjwa unaoondoka wenyewe hurudi wenyewe. Mgeni alikuwa amekuja, nimekaa kwenye kiti kilekile, na mashine haikusimama. Nini kilichopungua? Nikawa natazama chumba chote kama polisi. Mara akaingia mteja, mama mnene mchangamfu, aliyekuja kupimwa gauni. Mama Chantal akamlaki. Riziki akaanzisha njiwa mwingine, akanyanyuka, akapita nyuma ya pazia, akarudi akakaa. Baada ya kitambo nikasikia birika la umeme likichemka.

Na nilipogeuka kutoka kwenye sauti ile, niliona kwamba kioo cha laptopu kimefifia. Si sana. Kidogo tu, kama mtu aliyekunja uso.

Anzia ukutani. Nilisikia sauti ya Ntate Mokoena kana kwamba yupo mlangoni na sigara yake. Nikainama chini ya meza, nikaushika waya wa chaja, nikaufuata kwa mkono. Ulipita chini ya meza, ukapita chini ya pazia, ukaishia sakafuni. Plagi yake ilikuwa imelala chini. Kwenye soketi palikuwa na birika.

Mashine ikasimama shingoni.

"Riziki," nilimwita taratibu kutoka chini ya meza. "Birika huwa unalichomeka hapa?"

"Ee, njo hapo," alisema. "Mama alikataza kwa ekstensheni ya machine, umeme unaangukaka. Alisema nitoe kompyuta, iko na betri yake, haitaumia. Mugeni akienda, narudisha."

Alikuwa anarudisha kila mara. Ndiyo maana mgeni akishaondoka, kila aliyetazama aliikuta chaja ukutani. Mgeni akifika lazima apewe chai, na kwa chai lazima birika, na kwa birika laptopu iliingia kwenye betri. Ikiwa kwenye betri ubahili wake uliamka. Iliona kebo ya mashine imetulia wakati bawa refu linashonwa, ikaikatia. Mashine ilipofika shingoni na kuomba, hapakuwa na mtu upande wa pili. Mama Chantal hakunidanganya aliposema laptopu haitoki ukutani. Alinieleza alivyoamuru, akasahau kwamba ameamuru pia kinyume chake. Vijana, mteja usimuulize kama kitu kimechomekwa. Nenda ukaone.

Niliurudisha mkono mfukoni bila kugusa mipangilio. Riziki aliniangalia, nikamwambia asubiri Pasta afike. Angeweza kunishuku hapo, na nadhani alinishuku. Lakini neno langu peke yangu lisingetosha. Mimi nilikuwa mshtakiwa wa pili.

Pasta Elie alifika alasiri, mtu mrefu mpole, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mama Chantal akaanza kusema, nami nikamwomba radhi, nikamwomba Pasta aniruhusu kwanza nishone njiwa.

"Nani atakaa kwa mashine?" aliuliza Pasta.

"Mama Chantal," nilisema. "Riziki asimame pale mlangoni, asiguse kitu."

Mama Chantal alikaa kwa kujiamini. Chaja ikiwa ukutani, njiwa akatoka mzima. Alinitazama kama anayesema: si nilisema? Nikamwomba aanze mwingine. Kisha nikamgeukia Pasta. "Wewe ni mgeni hapa, na hujapewa chai. Ingia nyuma ya pazia, uchemshe maji wewe mwenyewe. Ufanye kama Mama Chantal alivyoagiza birika lichomekwe."

Pasta akaniangalia, akamwangalia Mama Chantal. Mama Chantal, bila kuinua macho kwenye kanzu, akasema: "Utoe ya kompyuta. Iko na betri."

Birika likaanza kuunguruma. Mkia ukaisha, mabawa yakaisha, kifua kikajaa, na chini ya mikono ya Mama Chantal mwenyewe, shingoni, mashine ikasimama na kuwasha taa nyekundu.

Alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Nilimsogezea laptopu, nikafungua mipangilio mbele ya wote, nikawaonyesha mstari wa betri, nikaufunga. Nikaenda pia kwenye orodha ya matundu ya USB, nikaondoa ile tiki inayoiruhusu kompyuta kuyazima. Nikawaambia waanze tena, chaja ikiwa vilevile sakafuni. Njiwa akapita shingoni bila kusita, akapata kichwa.

"Donc," alisema Pasta Elie polepole, "kumbe ilikuwa chai."

"Ilikuwa laptopu," nilisema. "Chai haina kosa."

Maji yalikuwa yamechemka, na palikuwa na mgeni. Riziki alitoka mlangoni bila kuambiwa, akapita nyuma ya pazia, akatengeneza chai. Akamwekea Pasta. Mimi akaniruka, kwa sababu ya funga. Kikombe cha mwisho alikileta kwa Mama Chantal, akakiinua kuelekea mdomoni mwake ili aonje kwanza, kama kawaida yao.

Mama Chantal alinyoosha mkono, akakichukua kabla hakijafika. Akanywa. Ilikuwa ya moto, nikaona machozi yakimtoka, na sijui kama ni ya moto wa chai peke yake. Alikunywa mpaka mwisho, akageuza kikombe chini juu ya kisahani ili kila mtu aone.

"Haina sukari," alisema.

"Sukari niliogopa kuweka," alisema Riziki. "Ungesema nimeweka kitu."

Mama Chantal akainamisha kichwa. Kisha akanyanyuka kwenye kile kiti cha mashine, akamshika Riziki mabega, akamkalisha yeye, na kwa mkono wake akamsogezea kanzu iliyofuata. Kikao kikaishia hapo. Pasta hakuwa na la kufunga, maana hakuna kilichofunguliwa.

Nilikusanya bisibisi na kebo yangu ya uzi mwekundu. Nikiwa mlangoni nilimwona Riziki ameinama chini ya pazia. Alikuwa anachomoa birika na kurudisha chaja ya laptopu ukutani.

"Hakuna haja tena," nilimwambia. "Hata ikiwa kwenye betri, haitasimama."

"Nimesikia, fundi," alisema.

Akaichomeka vilevile, akaivuta kidogo kuhakikisha imeshika, ndipo akaanza kumshona njiwa.